Lini utishie kwenye Omaha?

SWALI: Nacheza poka ya Omaha ambayo dau halizidi fedha zilizo mezani. Nikitishia, yaani nikiweka dau bila karata nzuri ili wengine wajitoe, mara nyingi kuna anayelipa kuniona. Nakosea wapi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Huenda unachagua karata vibaya. Kwa kuwa kila mtu ana karata nne mkononi, mikono mizito (seti za karata tano zenye nguvu) ni mingi, hivyo tishio linahitaji karata inayomzuia mwenzako kuwa na mkono bora kabisa.

Tuseme karata za wote mezani ni mfalme, tisa na mbili za shupaza, nne ya uru na saba ya kopa. Wewe una ree ya shupaza bila shupaza nyingine. Flashi (karata tano za aina moja) huna, maana Omaha inadai karata mbili kamili kutoka mkononi. Lakini hakuna mwingine mwenye flashi kubwa kuliko zote, na hata mwenye flashi ya malkia atasita. Ila uwe umeweka dau tangu shupaza tatu zilipotoka. Ukizinduka mwishoni tu, hadithi yako haiaminiki.

Hesabu ni hii: mezani pakiwa na 6,000 nawe ukaweka 6,000, lazima mpinzani atupe karata (ajitoe) zaidi ya nusu ya mara ndipo upate faida. Ukiweka 3,000, zaidi ya theluthi moja yatosha, ingawa dau dogo halimtishi mwenye flashi.

Wapinzani wakiwa wawili, acha. Kila mmoja akitupa mara 70 kwa 100, wote pamoja ni 49 tu. Acha pia tisa ya pili ikitokea mezani: mwenye fulihausi (karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine), inayoshinda flashi, hatupi, na ree yako haimzuii.