Kuijua Ndege Si Kumpata Rubani

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kutambua mabaki ya ndege za vita na marubani wake nililifanya mwaka wa kwanza kabisa. Mtu mmoja alinitumia picha ya kipande cha bati la aluminiamu kutoka kwenye mabaki ya ndege ya Vita vya Pili vya Dunia, kimegongwa namba. Nikailinganisha na namba ya ndege moja ya kivita ya Marekani iliyopotea. Tarakimu tano kati ya sita zikakubali. Ile ya sita nikasema imeliwa na chumvi. Kesho yake nikampigia simu bibi mmoja, binti wa dada yake rubani, nikamwambia: mjomba wako amepatikana.

Hakuwa amepatikana. Ile ilikuwa namba ya kipuri tu, na kiwanda kiliigonga kwenye kila ndege ya aina ile. Wiki tatu baadaye nilimpigia tena yule bibi kumweleza, na sauti yake siku ile sijaisahau.

Kwa hiyo kama umeokota kipande au umeonyeshwa picha, jambo la kwanza ni kujua namba unayoitazama ni ya nini. Namba ya kipuri inakuambia aina ya ndege, basi. Namba za vipuri vingi vya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, huanza na 300. Za Mustang za mwanzo, ndege ya kivita ya Marekani, huanza na 73, za toleo lake la P-51B ni 102, za P-51D ni 109. Lakini kipuri cha 73 kiliendelea kufungwa hata kwenye matoleo ya mwisho, kwa hiyo usikimbilie kutangaza toleo kwa kipande kimoja. Kusanya picha za vipande vingi, kisha uitazame ile namba ya mbele iliyo kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo inayosema kweli.

Namba ya ndege yenyewe ni kitu kingine. Waingereza waliandika herufi na tarakimu, kama ET574. Wamarekani walianza na mwaka wa bajeti ya ununuzi, kama 42-68223, na mkiani wakaiacha tarakimu ya kwanza, ikawa 268223. Kiwanda nacho kilikuwa na hesabu yake. Hiyo 42-68223 ni ile ndege ya aina ya Lightning aliyopotea nayo mwandishi Antoine de Saint-Exupéry tarehe 31 Julai 1944, baada ya kuruka kutoka Corsica. Mwaka 1998 mvuvi alinasa bangili ya fedha yenye jina lake karibu na Marseille, na wapo waliodai ni ya kughushi. Ubishi ulikwisha mwaka 2004, kwa sababu kwenye kipande kilichotolewa baharini palikuwa na 2734, namba ya kiwanda ya ndege ile. Mwenyewe hajapatikana mpaka leo.

Zipo pia namba za injini na za bunduki za rashasha. Injini zilihamishwa kutoka ndege hadi ndege, kwa hiyo rekodi ya kiwandani inaweza kukupoteza. Ripoti za Marekani za marubani na wafanyakazi wa ndege waliopotea, zilizoanza 1943, ndizo za kutafuta: nyingi zinaorodhesha injini na bunduki zilizokuwa ndani ya ndege siku iliyopotea. Bunduki moja iliyosafishwa vizuri inaweza kumaliza kazi ya miaka.

Angalia tarehe pia. Ndege za mabomu za usiku ziliweza kuondoka jioni na kuanguka alfajiri, kwa hiyo tafuta siku zote mbili. Mashahidi wazee huikumbuka vizuri sauti, moto na upande ndege ilikotokea. Tarehe wanaikosea mara nyingi, nami siwategemei kwa hilo.

Sasa rubani. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, maana wakishaijua ndege wanaona wamefika. Ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-24, iitwayo Lady Be Good, iliondoka Soluch, Libya, tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kushambulia Naples. Ilionekana jangwani mwaka 1958, na ndani hapakuwa na mtu. Wote tisa walikuwa wameruka kwa parachuti. Mwaka 1960 ilipatikana miili minane, pamoja na shajara ya rubani msaidizi; wa tisa hakuonekana. Ile ET574 niliyoitaja juu, ndege ya kivita aina ya Kittyhawk iliyopotea 1942, ilikutwa jangwani Misri mwaka 2012 na parachuti kando yake, rubani hayupo.

Ndiyo maana nakusihi usichukue kitu, hata kifungo cha mkanda wa kiti. Mkanda uliofungwa na mkanda uliofunguliwa vinasimulia habari mbili tofauti. Piga picha, pima mahali, waite wenye mamlaka. Kuna risasi hai na mabomu, na saa za vipimo za chumba cha rubani zilipakwa rediamu, ambayo ina mionzi. Isitoshe, Uingereza ina sheria ya tangu 1986 inayokataza kufukua mabaki ya ndege za kijeshi bila kibali.

Usitegemee sana vibati vya utambulisho vya shingoni. Vya Waingereza havikuwa vya chuma, vilioza. Mifupa ikipatikana, vinasaba vinavyodumu zaidi ni vile vinavyopita kwa mama peke yake. Mtoto wa kumzaa rubani mwenyewe hana. Anavyo ndugu wa tumbo moja, anavyo mtoto wa dada yake, na wajukuu wa dada huyo kwa binti. Yaani hasa yule anayemwita mjomba. Anza kuutafuta upande huo mapema, kwa sababu wapwa nao wanazeeka.

Nilirudi kwa yule bibi baada ya miaka miwili, nikamwomba radhi ana kwa ana, kisha nikamwomba atoe sampuli ya shavuni. Alitoa, na mdogo wake akatoa. Mjomba wao bado hajapatikana. Ripoti yake ninayo mezani, na namba za bunduki zake sita nimezipigia mstari kwa wino mwekundu.