Rangi ya Majenta: Je, Yafaa Kutiwa Kwenye Mabuyu?

SWALI: Assalaam aleykum Mhariri. Mimi na mama yangu twasuka mikeka hapa Kisauni. Unga wa kuchemshia ukindu twaununua Marikiti. Ukiwa mkavu hung'aa kijani kama bawa la mbawakawa, lakini punje chache zikiingia majini hutoa wekundu mkali wenye zambarau. Jirani yetu apikaye mabuyu ataka tumgawie. Naomba kujua rangi hii ilitoka wapi, na kama haina madhara.
Msuka ukili, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Lililo la haraka kwanza: jirani usimpe, hata chembe, maana rangi ya ukindu haikutengenezwa ili iliwe.

Unga unaoueleza una sifa za fuksini, ambayo pia huitwa majenta, ingawa rangi nyingine za jamii hiyo, kama ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, nazo hung'aa kijani zikiwa kavu, kwa hiyo macho peke yake hayathibitishi. Kugeuka kwake kuna sababu. Fuksini huumeza mwanga wa kijani kwa nguvu sana, hivyo ikiyeyuka majini jicho hubakiwa na wekundu na buluu. Lakini ikiwa fuwele kavu, uso wake huurudisha nje mwanga ule ule wa kijani.

Asili yake ni lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18, William Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau badala yake. Wanakemia wakaikimbilia anilini, kemikali itokayo katika lami hiyo, na miaka michache baadaye François-Emmanuel Verguin wa Lyon, Ufaransa, akaichemsha pamoja na kloridi ya bati akapata wekundu ambao watia rangi wa hariri waliugombania. Tarehe 4 Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yaliwashinda Waaustria katika mji wa Magenta, Italia, na jina la vita hivyo likaishikilia rangi.

Ubaya wake ulianzia viwandani. Watengenezaji waliiacha bati wakatumia asidi ya arseniki, na katika miaka ya 1860 taka za kiwanda kimoja cha Basel, Uswisi, zilipenya hadi kwenye visima vya majirani, watu wakadhurika kwa sumu. Hata wauza mvinyo wa Ufaransa waliwahi kuitia katika mvinyo hafifu ili uonekane mwekundu, jambo ambalo kwangu ni dhuluma tupu kwa mnywaji. Kisha mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza saratani ya kibofu aliyoiona kwa wafanyakazi wa viwanda vya fuksini. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaiweka kazi ya kutengeneza majenta miongoni mwa mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na rangi yenyewe miongoni mwa yale yanayoshukiwa.

Hata hivyo rangi hii imewafaa wagonjwa wengi mno, na haki yake isifichwe. Mtu akipimwa kifua kikuu kwa hadubini, makohozi yake hupakwa kwenye kioo, yakamwagiwa fuksini iliyochanganywa na fenoli, na kioo kikapashwa moto mpaka mvuke upande. Kisha huoshwa kwa asidi na spiriti. Bakteria wengine hupoteza wekundu wao, lakini wa kifua kikuu, kwa ganda lao la nta, huushikilia. Rangi ya buluu ikiongezwa, huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu. Njia hiyo ya Wajerumani wawili, Ziehl na Neelsen, ya miaka ya 1880, ingali inatumika.

Kwenu wasukaji, ukindu huipokea rangi hii vizuri, ila jua huififisha, hivyo mkeka uanikeni kivulini. Vaeni glavu, msivute vumbi la unga, na sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula. Maji yaliyobaki msiyamwage karibu na kisima. Jirani naye anunue rangi ya chakula iliyofungwa, yenye lebo na alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya.