Siku nne, treni na milima: nenda Morogoro, usiishie Msamvu

Mkuu, umeuliza kama wewe, mkeo na binti yenu wa miaka 12 mnaweza kutumia siku nne za likizo mwezi wa saba kwa treni na kupanda milima, bila gari na bila bajeti ya Kilimanjaro. Umeuliza pia kama Morogoro ni mji wa kutembelea au ni wa kupita tu ukielekea Dodoma. Jibu langu ni kwamba mnaweza, na mkishafika siku nne mtaziona chache. Nimepanda Uluguru, milima iliyo nyuma ya mji wa Morogoro, mara tatu tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria Juni 2024. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Mara ya pili nilienda kwa utaratibu. Mara ya tatu nilimchukua mdogo wangu na mwanawe wa darasa la sita, na hiyo ndiyo safari inayofanana na yako, kwa hiyo nitaieleza zaidi.

Kwanza niseme kwa nini ninalipigania hili. Nimezaliwa Dar na kukulia Tabata. Morogoro nimepita kwa basi mara zisizohesabika, na kila mara ilikuwa ni stendi ya Msamvu, maji baridi na korosho kupitia dirishani, halafu safari inaendelea. Milima ile niliiona kama pazia lililotundikwa nyuma ya mji. Nimeishi miaka yote hiyo nikinywa maji yake bila kujua. Mto Ruvu unazaliwa Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2022 maji ya mto yalipopungua sana na sisi tukaanza kupanga ndoo kwa mgao, nilitazama angani nikisubiri mvua inyeshe Dar. Sikujua kwamba mvua ninayoihitaji ni ile ya kule juu.

Sasa treni. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Morogoro niliyolipa ni shilingi 13,000, na mwendo ni chini ya saa mbili. Kwa basi, siku yenye foleni ya Kibaha na Chalinze, nusu ya siku huwa imekwisha. Kateni tiketi mapema, hasa Ijumaa na siku za kuelekea sikukuu. Bebeni vitambulisho, na mfike stesheni mapema kwa sababu mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Treni haimsubiri mtu aliyekwama Buguruni.

Mkipata nafasi ya kuchagua, kaeni upande wa kushoto kwa mwelekeo wa safari. Pugu na Soga zitapita haraka. Mkifika Ruvu, mwonyeshe binti yako bonde lile na maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, umwambie alikumbuke. Baada ya Ngerengere mtaanza kuona rangi ya buluu upande wa kusini, mwanzoni mtadhani ni mawingu. Baadaye mashamba ya mkonge yanaanza, na ile buluu inageuka kijani, inapata mikunjo na makorongo. Katika ile safari ya tatu mwanetu, yule wa mdogo wangu, alinyamaza hapo. Tangu tuondoke Dar alikuwa anasoma kwa sauti mwendo unaoandikwa kwenye skrini ya behewa, 158, 159, 160, lakini milima ilipojitokeza akaacha kuhesabu.

Wanaopenda historia watafurahi kujua kwamba reli ya zamani, ile ya kati, Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905 na ikafika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo watu wamekuwa wakishuka treni chini ya mlima huu kwa zaidi ya miaka mia moja. Stesheni ya sasa iko Kihonda, nje kidogo ya mji. Bajaji na daladala zipo, kubalianeni bei kabla ya kupanda.

Kosa langu la kwanza sitaki ulirudie. Nilikwenda na marafiki wawili, tukafika usiku, tukalala, tukaamka tukanywa chai polepole, na saa nne na nusu asubuhi ndipo tukaanza kupanda Lupanga. Lupanga ni kile kilele kinachouangalia mji, kina zaidi ya mita 2,100, wakati mji wenyewe uko kwenye kama mita 500. Mwongozaji alituambia wazi kwamba tumechelewa. Sisi tukamwambia tuna miguu. Ukishaingia msituni njia inasimama wima, unapanda kwa mikono, unashika mizizi kama ngazi, na udongo una utelezi hata kama hakujanyesha kwa wiki nzima, kwa sababu ukungu hauutoki mlima ule. Nilivaa raba za mazoezi ya barabarani. Kileleni tulikaa dakika tano tukiwa ndani ya wingu, hatukuona hata mti wa jirani, halafu tukashuka. Giza lilitukuta bado tuko ndani ya msitu na tochi za simu, moja ikiwa imebakiza asilimia sita. Niliteleza nikatua kwa kiwiko, na kovu ninalo mpaka leo. Aliyetutoa salama ni yule mwongozaji, alitangulia akipapasa kila hatua kwa fimbo na kutuambia mguu tuuweke wapi.

Kwa hiyo na mtoto wa miaka 12, Lupanga iacheni. Nendeni Morningside.

Morningside ni jina la nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mlimani, kwenye kama mita 1,300, ambako misonobari na mashamba vinakaribiana na mpaka wa msitu wa asili. Njia inaanzia juu ya eneo la Boma pale mjini, inapita mitaani, inauvuka mto Morogoro, halafu inapanda katikati ya mashamba. Kwa mtu mzima anayetembea bila haraka ni saa mbili hadi tatu. Sisi na mtoto tulitumia nne, na hizo saa nne ndizo utamu wenyewe wa safari.

Njiani mtapishana na watu wanaokwenda mjini sokoni. Akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, wengine na beseni la stroberi au karoti zilizooshwa kijitoni zikang'aa. Wanashuka kwa kasi ambayo mimi nisingeithubutu hata mikono mitupu. Wapisheni upande wa mlimani, wasalimieni kwanza. Mkubwa kwenu mwamkieni shikamoo hata kama hamjuani. Watasimama, watatua mzigo, watawauliza mmetoka wapi, na mapumziko mtayapata bila kuyaomba.

Karibu na nusu ya njia tulimkuta mzee mmoja amechuchumaa kando ya mpira wa maji uliopasuka. Mlima mzima umetambaa mipira kama hiyo, mieusi, inateka maji kwenye vijito vya juu na kuyashusha hadi kwenye matuta ya mboga bila pampu yoyote, mteremko peke yake unayasukuma. Mzee alikata ncha mbili zilizochakaa, akachonga kijiti cha mwanzi kikaingia pande zote mbili, akaviringishia ukanda wa tairi la ndani la baiskeli, akiuvuta kwa meno kila mzunguko. Maji yakatoa povu, yakakohoa, yakapita. Mwanetu alichuchumaa naye muda wote bila kusema neno, kisha akauliza, "Babu, haya maji yanaishia wapi?" Mzee akanyoosha mkono kuelekea bondeni, akamwambia yanayobaki shambani yanashuka Morogoro, ya upande ule mwingine wa mlima yanakwenda Ruvu, na ya Ruvu mnayanywa nyie.

Tulikaa naye kama nusu saa. Alituambia shamba analolima ni la ukoo wa mke wake, kwa sababu kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Akatuonyesha pia mabaki ya ngazi za udongo kwenye mteremko wa pili. Wakati wa Waingereza watu walilazimishwa kuchimba makinga maji hayo, wakakataa, na mwaka 1955 ikawa vurugu kubwa. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokataa. Aliyasema haya huku anakunja mabaki ya ukanda na kuyatia mfukoni, yatumike kesho. Mambo haya shuleni nilipewa mstari mmoja. Kuyasikia mahali penyewe, mkono wa mtu ukiwa unaonyesha mteremko wenyewe, nilijisikia nimechelewa kuja.

Juu Morningside mtauona mji wote umetandazwa chini na bwawa la Mindu likimeta kwa mbali. Msitu unaoanzia hapo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, zaidi ya hekta 24,000, na una ndege na vyura ambao hawapatikani kwingine duniani. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya na kuishia Udzungwa. Kuingia humo kunahitaji kibali cha TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na mwongozaji ni lazima. Mchukueni wa pale pale mjini au kijijini, anayejulikana, na mpatane malipo mapema. Msibishane naye kwenye muda wa kuanza, nimeshaeleza kilichonipata.

Siku ya tatu badilisheni upande, nendeni Kinole. Hii watu wengi hawaijui na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni upande wa mashariki wa mlima, unapanda gari kupitia Mkuyuni, na ghafla mnaingia nchi nyingine kabisa. Huku upepo wa bahari unatua mzigo wake wa mvua, kwa hiyo kila kitu ni kijani, na hewa ina harufu. Mdalasini, pilipili manga na karafuu vinaota kimoja juu ya kingine kama vile hakuna aliyevipanda. Mwenyeji wetu alikwangua gome la mdalasini kwa ukucha, akampa mtoto anuse, kisha akamwambia atafune. Uso wake ulivyobadilika! Chai ya jioni ile ilipikwa na gome lile lile, na magimbi ya kuchemsha, na sijawahi kunywa chai nikaijua imetoka wapi kwa namna ile.  Laleni huko kama mtapata mwenyeji, msifanye haraka ya kurudi mjini.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri. Masika imekwisha, njia zimekauka kiasi, ingawa upande wa Kinole mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Baridi ipo, hasa alfajiri na usiku, msimdanganye mtoto kwamba Morogoro ni joto. Viatu viwe na meno chini. Koti la mvua, soksi ndefu za kuchomekea suruali kwa ajili ya siafu, tochi halisi siyo ya simu, maji ya kutosha. Fimbo mtachongewa huko huko. Anzeni kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mawingu hayajashuka.

Kuna wanaoshauri Udzungwa kwa treni ya TAZARA hadi Mang'ula, na hawakosei. Maporomoko ya Sanje ya mita 170 yana haki yake ya kuitwa maajabu, na reli ile ni nzuri mno. Lakini haipiti kila siku, na kwa siku nne mtajikuta mnahesabu ratiba badala ya kutembea. Lushoto nayo ni pazuri, ila hiyo ni safari ya juma zima. Mkiwa na mtoto na siku chache, Morogoro ndiyo jibu.

Siku ya kurudi msinunue stroberi asubuhi. Nunueni saa ya mwisho kabisa, kwa wale mama wanaoshuka nazo mlimani, na muombe za juu ya beseni ambazo hazijagandamizwa. Sisi tulinunua mapema, tukazifunga kwenye karatasi, na tulipofika Pugu karatasi yote ilikuwa imelowa nyekundu. Mama yangu alizipokea mlangoni akazila zote akiwa amesimama, halafu akamuuliza mwanetu huko zinakotoka kuna nini kingine. Mtoto akaanza kumsimulia habari za mzee na mpira wa maji.