Maranda yanakula nitrojeni: nini cha kuongeza kwenye rundo la mboji lililopoa

Swali: Bwana agronomu, nakaa Ndosho, hapa Goma. Kiwanja chetu ni mawe ya volkano matupu, ndiyo maana natengeneza mboji ya kujaza magunia ya lengalenga. Rundo langu lina miezi mitatu: maranda ya seremala jirani, mabua ya mahindi, majani makavu ya ndizi, maganda ya jikoni kidogo, na majivu ya makala ya kupikia ya kila siku. Bado ni baridi. Wananiambia ninunue mbolea ya ure, lakini iko bei. Nitrojeni nitaipata wapi bila kutumia pesa nyingi?

Jibu: Mama, tuanze na maranda, maana ndiyo yanayokula nitrojeni yote. Vijidudu vinavyoozesha rundo vinahitaji gramu 1 ya nitrojeni kwa kila gramu 25 hadi 30 za kaboni. Mabua ya mahindi yana kaboni kama mara 60 ya nitrojeni yake. Maranda hufika mara 400 na kupita.

Pima kwa ndoo ya lita 20. Ndoo ya maranda makavu ina uzito wa kilo 4 hivi, na kuisawazisha kunataka gramu 60 za nitrojeni: lita 12 za mkojo. Ndoo hiyohiyo ya mabua yaliyokatwakatwa inataka kama lita 3 tu. Kwa hiyo maranda yasizidi ndoo moja kwa kila ndoo tano za vitu vikavu. Yanayobaki yaweke chini ya kuku.

Na ndiyo, mkojo ndio nitrojeni ya bure iliyo karibu kuliko zote. Lita moja ina gramu 5 hivi, na mtu mzima hutoa lita 1 hadi 1.5 kwa siku. Kusanya kwenye bido lenye kifuniko, kwa sababu likikaa wazi nitrojeni hupaa kama amonia; ile harufu kali ndiyo mali yako inayoondoka. Toboa shimo katikati ya rundo kwa mti, mimina lita 2 au 3, kisha funika kwa vitu vikavu. Rudia kesho. Ukimwaga lita 12 kwa mara moja, nyingi zitapita moja kwa moja hadi chini. Choo kikubwa kisiingie kabisa: Goma inajua kipindupindu.

Kinyesi cha kuku kinafuata. Cha kuku wa mayai wa kwenye vizimba ni kikali, ndoo moja inatosha ndoo tatu au nne za mabua. Cha kuku wa nyama huja kimechanganyika na maranda ya chini, basi usiongeze mengine juu yake. Cha sungura na simbilisi ni kizuri pia, ila huwa kidogo.

Kando ya barabara kuna alizeti pori, yale maua ya njano. Majani yake makavu yana nitrojeni zaidi ya asilimia 3. Kata kabla hayajachanua, tumia majani na ncha laini, acha shina gumu. Damu ya machinjioni ina nguvu mno: lita 2 tu zinasawazisha ndoo nzima ya maranda. Lakini izike katikati ya rundo, sentimita 30 ndani, la sivyo mbwa wa mtaa mzima watalichimbua. Machicha ya pombe ya mtama yanafaa, kama wafuga nguruwe hawajayawahi. Nywele za kinyozi zina nitrojeni tele ila huoza polepole sana; usizitegemee kupasha rundo.

Ure iwe ya mwisho: gramu 130 kwa ndoo ya maranda, ikiyeyushwa katika lita 10 za maji.

Sasa yale majivu. Hayana nitrojeni, imeungua yote. Tena ni ya chokaa, na yakikutana na mkojo au kinyesi cha kuku yanaifukuza amonia hewani. Yatoe kabisa kwenye rundo. Yanyunyize kidogo kwenye mboji iliyokwisha iva.

Juu ya mawe yetu, maji ya rundo hupotelea kwenye nyufa. Tandika kwanza magunia ya zamani na udongo sentimita 10, na mvua ikija funika kwa bashi, kwani mvua huosha nitrojeni na kuondoka nayo.

Panga upya rundo la mita 1 kila upande. Dogo kuliko hilo halihifadhi joto. Lowanisha hadi ukikamua konzi yatoke matone mawili matatu. Siku ya tatu au ya nne chomeka fimbo ya chuma, iache dakika kumi, uishike. Ikishindikana kushikika, rundo limepanda kwenye nyuzi 55 hadi 65. Ligeuze likianza kupoa. Likinuka amonia, ongeza mabua. Likinuka yai bovu, limelowa na limekosa hewa: ligeuze, usiongeze mkojo wowote.