Bledi ya theluji kwenye mchanga wa Mambrui

Kusi ikishapamba moto, njia za kuteremkia ufukweni Mambrui huanza kumezwa na mchanga. Tuktuk zinakwama, pikipiki zinalala, na wenye nyumba za wageni wanaanza kuulizana nani ana trekta. Mchanga wenyewe hauishi. Mto Sabaki unaumwaga baharini hapo kati ya Malindi na Mambrui, mawimbi yanaurudisha pwani, jua linaukausha, upepo unaupandisha. Kwa hiyo trekta langu la mtumba liliposhuka Mombasa kutoka Uingereza na bledi ya kusukumia theluji, lile bao pana la chuma, imelazwa ndani ya baketi, yaani ndoo ya mbele ya kuchotea, sikuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kama nilivyoshauriwa. Madereva wa Gongoni na Malindi wamenipigia simu vya kutosha kuuliza inavyofungwa, basi nimeona niandike mara moja.

Bledi ya namna hii ilitengenezwa kwa wakulima wa nchi za baridi ambao tayari wana baketi mbele na hawataki kuivua kila theluji ikianguka. Nyuma yake ina mifuko miwili ya chuma. Unaendesha polepole, mdomo wa baketi unaingia ndani ya mifuko hiyo, unakaza bolti kubwa za juu, halafu unavuta cheni mbili kutoka kwenye bledi mpaka ukingo wa juu wa baketi. Kazi ya robo saa kwa mtu mmoja. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Theluji mpya ni nyepesi. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 100 hivi au pungufu, ila ikishinikizwa au ikilowa huzidi sana. Mchanga mkavu, mita hiyohiyo, ni takriban kilo 1,600. Ukijaza bledi mchanga kama mwenzako wa Ulaya anavyojaza theluji, uzito wote huo unapita kwenye mifuko miwili, kutoka hapo kwenye mdomo wa baketi, kisha kwenye pini za mikono inayobeba baketi. Mikono ya mbele imeundwa kunyanyua mzigo uliokaa katikati. Haikuundwa kusukumwa kutoka pembeni. Na bledi ni pana kuliko baketi, kwa hiyo ncha yake ikigonga jiwe inapindua mikono kwa nguvu, kama mlango unaosukumwa upande ulio mbali na bawaba. Huku kwetu mawe hayo yapo: matumbawe yamejificha chini ya mchanga, na huyaoni mpaka umeyagonga.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: panga mapema kitu gani kitavunjika kwanza, na kiwe cha bei rahisi. Mimi cheni zangu nimezishika kwa bolti laini ya milimita 10 kila upande. Ikizidiwa inakatika, bledi inalegea, unashuka unaweka nyingine. Ukiweka bolti ngumu ya daraja la 8.8 mahali hapo kwa kudhani unaimarisha, kitakachopinda ni mdomo wa baketi au mkono, na kunyoosha mkono wa trekta si kazi ya asubuhi moja. Kwenye mifuko yenyewe, hapo ndiyo tumia bolti ngumu, na ziangalie tena baada ya nusu saa ya kwanza ya kazi, maana rangi na kutu vikisagika zinalegea.

Ile springi ya nyuma ya bledi msiiguse. Kazi yake ni kuacha bledi iiname ikigonga kitu, kisha isimame tena. Fundi mmoja alitaka kunichomelea pale "isitingishike, bosi." Nilikataa, na ningekataa hata angenifanyia bure.

Tukija kwa kuchomelea: kama mdomo wa baketi yako ni mnene kupita mifuko, au umelika, utahitaji masikio, yaani vipande vya chuma vya kushikia bledi. Yachomelewe kwenye ukingo wa juu wa baketi, kamwe si kwenye mdomo. Mdomo ni chuma kigumu, na ukichomelewa bila kupashwa moto kwanza hupata nyufa ambazo huzioni leo. Mwambie fundi atumie elektrodi (vijiti vya kuchomelea) kavu za 7018, si zile zilizolala kwenye unyevu wa pwani tangu mwaka jana. Vua baketi ukiweza. Ukishindwa, fungua nyaya za betri na za altaneta, na waya wa kurudishia umeme ubanwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, usije ukapitisha umeme kwenye beringi na vifaa vya trekta.

Kuendesha sasa. Wenzo wa haidroliki usukume mpaka mwisho, pale unapojishika kwenye floti, ili bledi ifuate ardhi yenyewe. Dereva aliyezoea kuchimba atataka kukandamiza. Akikandamiza, magurudumu ya mbele yananyanyuka, usukani haushiki, na trekta linaenda linakotaka. Kata tabaka jembamba, la unene wa vidole vitatu au vinne, urudie. Gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea. Vile viatu vya chuma vilivyo chini ya bledi, vya kuizuia isikwangue changarawe, kwenye mchanga laini vinazama tu. Mimi nimevivua.

Nyuma lazima pawe na uzito. Wengine wanabeba pipa la zege kwenye mikono ya nyuma, mimi nimejaza maji magurudumu ya nyuma, robo tatu. Hili ni jambo ambalo sisi tumebarikiwa: wenzetu wa baridi wanachanganya chumvi ya kalisi ili maji yasigande, na chumvi hiyo inakula rimu. Malindi maji ya bomba yanatosha. Upepo wa magurudumu ya nyuma unaweza kuupunguza kidogo ili yashike, lakini ya mbele yaache yamejaa, ndiyo yanayobeba mzigo.

Upana pia upime kabla ya kununua. Bledi ikiwekwa mshazari inapungua: ya mita 2.4 ikigeuzwa nyuzi 30 inafagia kama mita 2.1 tu. Hakikisha bado inazidi upana wa magurudumu, la sivyo unakanyaga mchanga ambao hujauondoa.

Kwa kazi za mjini Malindi kwenye kabro, yale matofali ya kutandika chini, ukingo wa chuma ni ugomvi na mwenye nyumba. Funga kipande cha mpira mnene wa mkanda wa mashine chini ya bledi. Unaisha haraka, lakini kabro haing'oki. Na kila jioni osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha grisi kwenye pini zote. Chumvi ya hewa hapa haisubiri kesho.

Mchanga uliousukuma usiuache upande wa kusini wa njia, kwa kuwa upepo utaurudisha wiki hiyohiyo. Upeleke upande wa kaskazini, na usizike mimea inayotambaa, ndiyo inayoshika mchanga mahali pake. Trekta liishie pale njia inapoishia. Kasa hutaga mayai kwenye fukwe hizi, na kiota chao mara nyingi hukioni kwa juu. Mteja akikuomba umsawazishie ufukwe mbele ya baa yake, mwambie hapana, hata akiongeza pesa.