Binti wa kwanza nilimficha siku ya chanjo

Dada, umeuliza kama umwache binti yako wa miaka 12 achanjwe chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wakati baba yake kagoma, eti sindano hiyo inafunga kizazi. Mimi ni mama, lakini niliwahi kugoma kama huyo baba.

Mwaka 2018, chanjo ilipoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, binti yangu mkubwa alikuwa na umri huohuo. Kwenye kikoba chetu hapa Mwanza zikaja habari kwamba ni uzazi wa mpango wa kimyakimya. Mbona wavulana hawachomwi? Mbona bure? Nikadanganya shuleni kwamba mtoto ana homa, akashinda nyumbani.

Baadaye mama yangu mdogo akaanza kutokwa damu, na hedhi alishaachana nayo miaka. Tukasema uzee. Ikaja harufu, akaacha kwenda misibani na harusini, akawa anakaa peke yake uani na khanga mbili mbili. Tulipomfikisha hospitali ya Bugando, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Hatukukaa naye mwaka.

Nikiwa benchi pale nilimbana nesi mmoja kwa maswali. Akaniambia virusi hivi vya HPV huambukizwa kwa kujamiiana, wengi wetu tunavipata na mwili unavifukuza wenyewe. Vikigoma kutoka, huchukua hata miaka 15 au 20 kuzaa saratani. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kama saba katika kila kumi za saratani hii, na chanjo inazizuia zote mbili. Ila haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia, ndiyo maana wanawawahi wakiwa wadogo. Kuhusu kizazi alinijibu kwa mkato: "Kinachoondoa kizazi ni saratani. Wengine tunakitoa chote, wengine mionzi inakiua." Wavulana nao wanachanjwa huko Australia, tangu 2013, kwetu wameanza na wanaoumia zaidi.

Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka 11, nikampeleka mwenyewe. Mkono ulimuuma siku mbili, basi. Mwenzake alizimia, hofu tu ya sindano, ndiyo maana wanawakalisha robo saa kabla ya kuwaachia. Na hiyo dozi moja usidhani ni kubana matumizi: sehemu ya ushahidi wake ilitoka hapahapa Mwanza, kwa wasichana 930 waliofuatiliwa kwa miaka. (Mwenye VVU dozi yake si moja, mwambieni mhudumu mapema.)

Huyu mkubwa aliniuliza mbona mdogo wake kachomwa, yeye hapana. Nilimwambia ukweli wa ile homa. Hakunisemesha siku nzima.

Mimi chanjo imenipita, nikaenda kupimwa. Wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye tatizo panageuka peupe, dakika chache umemaliza. Nawe nenda, hata binti akichanjwa.

Baba yake usibishane naye mezani. Mume wangu nilimwomba tu anisindikize kliniki, nikamwacha na nesi, mimi nikatoka nje kununua maji. Niliporudi alikuwa anauliza kadi inajazwa wapi.