Jibu: Nairobi na Dar, jiji lipi lina watu wengi?

Pole na mkanganyiko, ndugu. Umekuta Nairobi ina milioni 4.4 huku, milioni 9 kule, na ripoti yako haisongi. Takwimu zote mbili ni halali. Kilichobadilika ni mpaka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 ndani ya Kaunti ya Nairobi. Ukiongeza kaunti jirani za Kiambu, Machakos na Kajiado, unavuka milioni 9.3. Anayelala Rongai au Kitengela, miji ya Kajiado, na kupanda matatu alfajiri kwenda kazini mjini anastahili kuhesabiwa. Lakini Kajiado nzima inakuletea pia wafugaji wa Loitokitok, karibu na Kilimanjaro! Hapo ndipo wengi huteleza.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, bila Kibaha, mji jirani ulio mkoa wa Pwani.

Kwa hiyo chagua kipimo kimoja kwa majiji yote: mpaka wa kiutawala, majengo yaliyoungana, au wasafiri wa kila siku. Andika na mwaka wa sensa. Usichanganye kamwe.

Kama ripoti inahusu fedha za uwekezaji, mwone mtakwimu wa KNBS (ofisi ya takwimu ya Kenya) au NBS (ya Tanzania) akupe idadi kwa kata.